Shangazi, kaka anarudi akiwa majivu



Nakuandikia kutoka Moshi mjini, ila kwetu hasa ni Kibosho. Mimi ni wa mwisho kati ya watoto watano. Kaka yetu wa pili, ambaye ndiye aliyetusomesha sisi wadogo, alifariki Agosti mwaka huu huko Reading, Uingereza. Ameishi huko zaidi ya miaka ishirini. Ameacha mke Mwingereza na watoto wawili, mmoja ana miaka 16 na mwingine 13.

Taarifa ilipofika, ukoo ulikaa siku hiyo hiyo ukaamua arudishwe, azikwe kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo. Kamati ikaundwa, kundi la WhatsApp likafunguliwa, michango ikaanza kuingia. Kumbe wiki ya pili wifi ananipigia simu huku analia, ananiambia mwili umeshachomwa. Anasema kaka mwenyewe aliacha maandishi, na nakala amenitumia. Saini ni ya kaka, naijua. Kwenye karatasi hiyo hiyo kaka ameandika kuwa majivu yake yapelekwe Kibosho. Wifi yuko tayari kuja nayo Desemba pamoja na watoto, ila anaomba abaki na nusu.

Mpaka leo nimewaambia watu wawili tu, baba mdogo na kaka mkubwa. Baba mdogo aliwaka. Anasema Kibosho hayajawahi kuzikwa majivu, hayo ni mambo ya Wahindi, na mtu huletwa mzima au anabaki huko huko. Baada ya siku chache akaja na wazo: tununue jeneza la kawaida, tuweke chombo cha majivu ndani, tujazie nguo na mablanketi mpaka liwe na uzito, tupige misumari, tuwaambie watu kwamba mwili umekaa muda mrefu haufunguliwi. Mama asijue, majirani wasijue. Kaka mkubwa ameafiki.

Mama ana miaka 84 na anasumbuliwa na presha. Kila nikipanda Kibosho ananiuliza, "Mwanangu anakuja lini?" Ameshachagua pa kumlaza, pembeni ya baba, upande ule wa kihamba aliopewa kaka, ambao kwa sasa baba mdogo ndiye anayeulima. Namjibu, "Desemba, mama," na macho natazama chini.

Shangazi, tukizika jeneza lile tutakuwa tumemkosea nani? Majivu yanazikwa? Na nusu ya mtu inarudije nyumbani?

Mdogo wa marehemu, Moshi

*

Poleni sana, mwanangu. Kufiwa na kaka aliyekulea ni kama kufiwa na baba mara ya pili, na wewe hata kulia hujapata nafasi kwa sababu umefanywa mtunza siri.

Nianze na jeneza, maana hilo ndilo lenye haraka. Usilikubali. Suala la dhambi namwachia paroko wenu. Mimi nakataa kwanza kwa sababu mpango wenyewe hautafanikiwa. Jeneza likishuka kwenye gari hubebwa na vijana sita, na kijana wa Kibosho amebeba majeneza mengi katika maisha yake. Bega lake linajua uzito wa mtu. Njia za kwenu ni za kupanda na kushuka. Kwenye mteremko wa kwanza yale mablanketi yatateleza yote kwenda upande mmoja, na vijana watatazamana. Hawatasema kitu pale. Watasema jioni, kikombe cha mbege, pombe yetu ya ndizi, kikishazunguka, na kabla ya giza habari itakuwa imefika mpaka barabara ya lami.

Halafu kuna kuaga. Mama aliyesubiri tangu Agosti hataambiwa "halifunguliwi" akakubali. Ataomba uso tu, dakika moja. Mtamshika mikono mbele ya jumuiya nzima? Na hao watoto wa kaka yako, ambao wanajua fika baba yao amesafiri kwenye kitu gani, maana walikuwa naye ndani ya ndege, mtawaambia nini? Mtoto wa miaka 13 ataamriwa aongope kwenye mazishi ya baba yake, tena siku yake ya kwanza kwao. Umeuliza mtakuwa mmemkosea nani. Anza kuhesabu na huyo.

Sasa majivu. Baba mdogo anafikiri ni kitu kama kinachozolewa jikoni, na simlaumu, kwa sababu ndivyo tunavyoyaita. Lakini ukweli wake ni huu. Mwili ukiingizwa katika tanuri lile, nyama na maji huondoka kwa joto, na kinachobaki ni mifupa mikavu. Ikishapozwa, vipande vya chuma vinaondolewa, kisha mifupa inasagwa kwa mashine mpaka iwe unga wa kijivu. Kwa mtu mzima hupatikana kama kilo 2 hadi 3. Kwa hiyo wifi yako analeta mifupa ya mume wake. Sidhani kama kuna mzee wa Kichaga anayeweza kusema mifupa ya mtoto wa ukoo haina mahali kihambani.

Tena mkumbushe baba mdogo mambo ya wazee wake. Kabla ya dini kufika mlimani, mtu mzima aliyezikwa nyumbani hakuachwa palepale siku zote. Baada ya muda wazee walifukua, wakachukua fuvu na mifupa, wakaihamishia migombani, mahali pa mababu, penye mimea ya masale. Safari ya mwisho ya marehemu ilikuwa ya mifupa. Wamisionari waliikataza, watu wakahamia kwenye majeneza, na leo kaburi la marumaru linaonekana kama ndiyo mila yenyewe. Anayesema "haijawahi kutokea" angeongeza tu "tangu nizaliwe."

Na kuna jingine ambalo kwa Kibosho halihitaji kuelezwa sana. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi (yaani chifu) Meli pale Old Moshi pamoja na wenzake, akiwamo Mangi Molelia wa kwenu Kibosho. Mafuvu mengi ya watu wa Kilimanjaro yalisafirishwa kwenda Ujerumani, na wajukuu wa Meli wametafuta kichwa cha babu yao miaka na miaka. Septemba 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kuwa vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu walio hai wa baadhi ya mafuvu hayo. Hakuna mzee aliyesimama akasema, kama ni fuvu peke yake, libaki huko. Watu wanalia kwa kukosa hata hicho. Ninyi mna mwana ambaye ameomba kwa mkono wake arudishwe, ana mke aliye tayari kumbeba mapajani safari nzima, halafu mnabishana kuhusu ukubwa wa sanduku.

Wahehe nao walimpokea chifu wao, Mtwa Mkwawa, kwa namna hiyo. Alijiua Julai 1898 ili asikamatwe, Wajerumani wakachukua kichwa. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulitaja kwa jina kwamba fuvu lirudishwe, na bado ilichukua mpaka tarehe 19 Juni 1954 ndipo Gavana Twining wa Tanganyika akalikabidhi pale Kalenga, likapokelewa na mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Fuvu liko Kalenga, mwili uko Mlambalasi. Ukienda Iringa watu watakuonyesha sehemu zote mbili, na hakuna atakayekuambia kwamba Mkwawa hakurudi.

Upande wa Kanisa, kwa kuwa Kibosho ni Wakatoliki kwa sehemu kubwa nadhani nanyi ni hivyo. (Ningekuwa namjibu Mwislamu wa Tanga jibu lingekuwa jingine kabisa, maana kwao kuchoma maiti hakuruhusiwi.) Roma iliruhusu kuchoma mwili tangu 1963, ingawa yenyewe inapendelea kuzika. Mwaka 2016 ikatoa maelekezo: majivu yawekwe mahali patakatifu kama makaburini, yasimwagwe hewani wala baharini, yasigawanywe kati ya ndugu, yasiwekwe nyumbani wala kufanywa pambo. Nenda kamwone paroko mapema, kabla ya Majilio, ukiwa na ile karatasi ya kaka. Muulize kuhusu ibada na muulize kuhusu kaburi la kihambani, kwa sababu yeye ndiye atakayelibariki. Usishangae akianza kwa kuuliza habari za zaka na kadi ya jumuiya. Kalipeni madeni ya mama kwanza, mazungumzo yatakwenda haraka.

Kuhusu nusu ya wifi, hapa sitakubaliana na wewe wala na ukoo. Umeandika "nusu ya mtu" kana kwamba yeye ndiye anayekata. Huyu ni mke. Alimuuguza au alimkuta amefariki, hukuniambia, lakini ndiye aliyesaini makaratasi yote peke yake katika nchi ambayo walio wengi huchomwa wakifa. Kwake yeye hakufanya jambo la ajabu. Na alipoweza kukaa kimya na majivu yake, alipiga simu. Kama ni Mkatoliki, mwambie taratibu juu ya maelekezo ya 2016, na mwambie pia kwamba Desemba 2023 Roma ililegeza kidogo: kwa ruhusa, sehemu ndogo sana inaweza kuwekwa mahali palipokuwa na maana kwa marehemu. Ombeni njia hiyo pamoja na padri wa kwake. Kama si Mkatoliki, sheria hiyo haimbani, na hakuna mtu Kibosho mwenye mizani ya kupima amebakiza gramu ngapi. Muombe sehemu kubwa ije kwa mama, umweleze kwa nini, kisha uache. Usimruhusu mtu yeyote wa kamati ampigie simu kumdai.

Sasa niseme lile ambalo umelipitisha kwa mstari mmoja, sijui kwa makusudi au la. Upande wa kihamba aliochagua mama ndio ule anaoulima baba mdogo. Mwanangu, wewe ni Mchaga, hukosi kujua kwamba kaburi kihambani ni hati. Akilala pale mwenye sehemu, watoto wake wana mahali pa kusimama wakasema "baba yetu yuko hapa." Huenda baba mdogo ana uchungu wa kweli wa mila, nami simwiti mwizi. Lakini tazama mpango wake: kwanza alitaka kaka abaki huko huko, kisha akataka azikwe kwa namna ambayo siku ukweli ukijulikana yeyote anaweza kusema pale hapakuzikwa mtu. Mimi ningetaka kujua wazo la pili lilitoka wapi.

Usiyachanganye haya kwenye msiba. Mwambie baba mdogo, mkiwa na kaka mkubwa na mzee mwingine mmoja wa ukoo anayeheshimika, kwamba Desemba ni ya kuzika tu. Migomba na kahawa aliyopanda hakuna atakayeigusa, na habari ya kihamba itazungumzwa baada ya matanga, kwa utaratibu wa mirathi, na msimamizi atakayeteuliwa. Mtashangaa jinsi majivu yatakavyopoteza uzito wake akishasikia hilo. Kisha mkaonane na mwanasheria kweli, kwa sababu watoto wale huenda si raia wa Tanzania, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inambana asiye raia. Hilo si la kuamuliwa kwenye kundi la WhatsApp. Na hiyo michango iliyokwisha kuingia kwa ajili ya kusafirisha mwili, waelezeni waliochanga itatumikaje. Watu husamehe mengi kwenye msiba, hela si mojawapo.

Tuje kwa mama, ambako ndiko ulikokuwa unakimbia tangu mwanzo wa barua.

Mama ana presha, ndiyo. Lakini mwanamke wa miaka 84 wa Kibosho amezika mume na majirani, na huenda amezika watoto ambao wewe hukuwajua. Kinachoweza kumwangusha ni kuipata habari hii kwa mtu wa pembeni, au pale penye kaburi. Panda ukiwa wewe na kaka mkubwa, asubuhi, akishakunywa chai na dawa zake. Asiwepo mtu mwingine. Usianze na neno kuchomwa. Anza na karatasi: mwambie kaka aliacha wosia wa kurudi nyumbani, umsomee sehemu inayotaja Kibosho, umtafsirie kama imeandikwa kwa Kiingereza, mpe aishike. Akishaishika, mwambie jinsi huko wanavyofanya, na kwamba kaka mwenyewe alikubali, na kwamba kinachokuja ni mifupa yake imesagwa, kwenye chombo. Sema hivyo hivyo bila kuzunguka. Kisha nyamaza. Atalia, huenda atakasirika, huenda atamtukana wifi. Muache. Swali lake la kwanza baada ya hapo huenda likawa "Je, aliumia?" au "Nani alikuwepo?" Kwa hiyo kabla hujapanda, mpigie wifi, umuulize yote: nani alisali, waliimba nini, watoto walivaa nini, kama kuna video. Mama anahitaji kitu cha kuweka pale ambapo pangekuwa uso wa mtoto wake. Tengenezeni picha kubwa, nzuri, ya miaka ya karibuni, iwe kwenye fremu, ndiyo watu watakayopita mbele yake kuaga.

Baada ya mama, iambieni jumuiya. Kaka mkubwa asimame kwenye sala ya wiki aseme, "Ndugu yetu atakuja akiwa ameshachomwa, kwa matakwa yake, na tutamzika tarehe fulani." Sentensi moja. Watu watanong'ona wiki mbili, na Desemba ikifika watakuwa wamechoka kunong'ona. Hii ni muhimu kwa sababu ya sanduku: mtamtengenezea fundi seremala sanduku dogo la mbao nzuri, na sanduku dogo kwetu ni la mtoto mchanga. Asiyejua atalitazama vibaya. Anayejua atatafuta nafasi ya kulibeba.

Ya safari ni mepesi kuliko mnavyodhani. Wifi awe na cheti cha kifo na cheti cha kuchomwa kwa mwili, nakala na halisi, na awaulize mapema ubalozi wetu London na shirika la ndege kama wanataka barua zaidi. Chombo kiwe cha mbao au plastiki, kisiwe cha chuma, kwa sababu kitapitishwa kwenye mashine ya ukaguzi na chuma hakionyeshi kilichomo. Abebe mkononi, asikubali kiingie kwenye mizigo ya chini. Akitua uwanja wa ndege wa KIA amwambie afisa wa forodha kilichomo kabla hajaulizwa. Nanyi mwende kumpokea kama mnavyompokea marehemu: wazee wawili watatu, akina mama wenye kanga zao, jani la sale mkononi. Asije akatoka na kile chombo akakuta dereva peke yake ameshika kibao chenye jina.

Na kabla ya hayo yote, kuna jambo ambalo ukoo wenu haujalizungumza hata mara moja, kama barua yako ni ya kweli. Mmejadili majivu, jeneza, nusu, kihamba. Wale watoto watalala wapi? Hawajui Kiswahili cha kutosha, Kikibosho hawajui kabisa, na huenda hawajawahi kumwona bibi yao ila kwenye simu. Watafika nyumba imejaa watu wasiowajua, wote wanalia, na kila mtu atawashika kichwa akisema "ni baba yao mtupu." Kaka yako hatawaona tena ndugu zake, wao ndio watakaowaona. Mtafutieni kila mmoja binamu wa rika lake wa kushinda naye. Wapeni chumba kimoja na mama yao, choo kisafi, maji ya kunywa yaliyochemshwa, na mtu mmoja wa kuwatafsiria kila kinachosemwa, hata matusi. Mwacheni yule wa miaka 16 aamue mwenyewe kama anataka kubeba sanduku mpaka kaburini. Na mama awe wa kwanza kuwakumbatia, hata baba mdogo asubiri.

Panda Kibosho Jumamosi hii pamoja na kaka mkubwa. Jeneza kama mmeshaliagiza, mwambieni fundi alipunguze.